Kamera Iliyokubali Kadi ya Masele

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi sikulia. Siku waliponiita wodini na kuniambia mume wangu Masele hayupo tena, sikulia. Tulipomzika kwao Misungwi, sikulia. Kina mama wa jumuiya walinizunguka wakanishika mabega, wanasubiri niangue kilio ili nao waanze, wakasubiri mpaka mikono ikachoka. Mawifi wakawa wananitazama kwa pembeni, mjane gani huyu mwenye macho makavu. Sasa mlitaka niwafanyie nini? Nilikuwa na ganzi tu, ile unayotoka nayo kung'oa jino, unagusa shavu lako unaona kama la mtu mwingine. Wengine inawaisha jioni ileile. Mimi ilinikaa miezi saba.

Naitwa Teodora. Hapa Pasiansi ni mama Rose, nafuma masweta ya shule kwa mashine, na kama mwanao ana sweta la kijani lisilochujuka, basi ujue limetoka mikononi mwangu. Masele alikuwa mpiga picha. Siyo wa harusi, wala wa zile sherehe ambazo bwana harusi anarukishwa juu. Masele alikuwa wa misiba. Ilemela nzima na Misungwi nusu, mtu akifa, wanamtafuta mwenye jeneza, wanamtafuta wa turubai, halafu wanamtafuta Masele.

Unajua tunavyopiga picha za msiba huku. Jeneza linawekwa uwanjani na watu wanaitwa kwa makundi, mjane kwanza, halafu watoto, wajukuu, wakwe, majirani, kikundi cha kufa na kuzikana. Wapiga picha wengine wanaita kwa sauti ya mnada, "Wakwe! Wakwe sogeeni! Tazama huku!" Masele hakuwahi kumwambia mtu atazame kamera. Alikuwa anasogea kwa mtu, anamnong'oneza, anarudi nyuma, anabonyeza mara moja, kwisha. Kamera yenyewe ndogo, ya rangi ya fedha, ukikunja kiganja haionekani. Aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, mwaka Rose anaanza darasa la kwanza, na mpaka Rose anaajiriwa Dodoma bado alikuwa nayo. Watu walimcheka. Walimwambia Masele, nunua simu kubwa, achana na hicho kisabuni. Alikuwa anajibu, "Simu inaita. Kamera haiiti msibani."

Kadi ya kamera ile ilikuwa moja tu, nyembamba kama ukucha wa kidole gumba, aina ambayo hata wakati ule ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Kwa hiyo Masele alikuwa na utaratibu wake. Akishazichapisha picha studio na kuzipeleka kwa wafiwa, anakuja kukaa kitandani, anabonyeza, anafuta zote kwa mpigo. "Picha ikishafika kwa mwenyewe, siyo yangu tena," ndiyo maneno yake. Halafu kadi anaichomoa, anaiweka kwenye kikopo cheusi cha filamu za zamani, juu ya pamba. Kamera kwenye mfuko, kikopo kwenye kabati. Miaka kumi na sita, hivyohivyo.

Ila miezi miwili ya mwisho alianza uvivu. Alikuwa anakaa kitandani na ile kamera mpaka chai inapoa. Nikamwambia, "Baba Rose, unafanya nini huko?" Akasema, "Nafuta moja moja." Nikamwambia sasa umezeeka rasmi, kitufe cha kufuta zote hukijui tena? Akacheka tu. Nami nikaendelea kumgombeza, maana ndiyo kazi niliyoiweza.

Presha ikamchukua mwezi wa tatu. Asubuhi alilalamika kichwa, saa nane mchana nilikuwa mjane.

Sasa sikiliza walivyofanya. Tuko Misungwi, mwili umeshaagwa na nusu ya watu, kaka yake mkubwa, shemeji Luhende, akaja na ule mfuko wa kamera. Akaufungua mbele ya watu, akaitoa, akaiweka kwenye jeneza chini ya mkono wa kulia wa Masele. Akasema, "Mtu aende na kazi yake." Wazee wakaitikia kwa kichwa, wanawake wakapandisha kilio. Ilikuwa heshima, sikatai. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka kama gunia la mpunga, naona kamera inazikwa. Ilikuwa ni kusema tu, "Shemeji, hiyo iache." Maneno matatu. Hayakutoka. Mpaka leo nikiyakumbuka nataka kujipiga kofi, na yeye Luhende nimzabe la kwake.

Na mbele ya jeneza walibeba picha gani? Ya kitambulisho cha taifa! Wameikuza mpaka vinyweleo vinahesabika. Macho yamemtoka, mdomo ameubana, kola imemkaba, mtu anaonekana kama amekamatwa na kuku wa jirani. Masele, ambaye amewapa watu mia kadhaa sura nzuri za kuwakumbuka wafu wao, yeye akaondoka na ile. Nyingine haikuwepo. Ya harusi ipo, lakini yule ni kijana mwembamba mwenye nywele, mimi mwenyewe simjui tena. Kwenye simu ya Rose zipo tatu, na zote tatu ameziba uso kwa kiganja. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Ukimwelekezea kamera anainua mkono, "Mpiga picha hapigwi!"

Kilichonikuta baada ya mazishi ni hiki. Nilikuwa nikifumba macho nimkumbuke, inakuja ile ya kitambulisho. Nijaribu kumkumbuka anakula, anakula na ule uso wa kitambulisho. Anafungua mlango, ni ule ule, kola imemkaba. Miaka ishirini na saba nimelala na mtu, na sura yake imefutika, imebaki ya serikali. Hata hilo nililiona kwa mbali tu. Nikawa naamka, nafuma, nakula, nalala. Nilifuma masweta mengi sana mwaka huo.

Mwezi wa kumi Luhende akanipigia simu. "Shemeji, Jumamosi tunajengea kaburi. Marumaru zimeshafika. Fundi anataka picha ya kuweka kwenye kigae cha msalaba. Tumempa ile ya kitambulisho."

Nikasema, "Ile hapana."

"Shemeji, ndiyo iliyopo."

"Nimesema hapana, Luhende! Mtu akae na ule uso kwenye mvua na jua mpaka Yesu arudi? Hapana."

Hajazoea nimwite jina tupu. Kisha akasema, "Basi leta nyingine. Fundi anachoma vigae Ijumaa asubuhi. Ikipita hapo, shemeji, naomba tusilaumiane."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nikakaa mbele ya mashine yangu nikakumbuka Igombe.

Mwezi wa kwanza tulikwenda Igombe, kuna familia walikuwa wanafanya ubatizo wa mapacha, sherehe pale pale kwenye mchanga. Siku ile, kwa mara moja tu, Masele alitoka kwenye misiba. Alivaa shati la bluu alilonunuliwa na Rose. Kazi ilipoisha akanivuta pembeni, ziwa likiwa nyuma yake, akanipa kamera. Akasema, "Leo nipige na mimi." Nilishangaa, lakini sikuuliza. Nikampiga. Yeye akaichukua kamera, akatazama kile kioo cha nyuma, akacheka mpaka akashika magoti. Nikamuuliza, "Imetokaje?" Akasema, "Imetoka vizuri sana, mama Rose." Akaiweka mfukoni. Mimi sikuiona.

Labda aliifuta. Yeye si alikuwa anafuta kila kitu? Lakini nilifungua kabati, kikopo kikawepo, pamba ikawepo, kadi ikawepo. Nikakitia kikopo na kadi yake kwenye sidiria, nikafunga mlango.

Alhamisi asubuhi nilizunguka studio nne mjini. Wa kwanza aliigeuza kadi akaniuliza, "Mama, hii ni ya king'amuzi?" Wa pili alijaribu kuisukuma kwenye mashine yake, nikamnyang'anya. Wa tatu na wa nne waliniambia hiyo haipo siku hizi. Najua haipo! Ningekuwa na iliyopo ningekuja kwenu? Huyo wa nne lakini alikuwa na utu kidogo, akaniambia kadi ile inasomwa na kamera ya aina yake tu, niende Mkuyuni kwa Abubakary, anauza vyombo vya umeme vilivyotumika kutoka Ulaya, wakati mwingine anakuwa na kamera ndogo za zamani.

Nikamkuta kwenye duka lake refu jembamba, pasi upande huu, redio upande huu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye kofia safi. "Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Nataka kamera ndogo. Za kadi."

Basi uso wake ukachangamka. Inaonekana kamera alikuwa anazipenda kuliko pasi. Akatandika kitambaa juu ya meza ya kioo, akazipanga tano, moja moja, kama mtu anayetandaza dagaa. Akaanza somo.

"Mama, kwanza usidanganywe na namba. Mtu atakwambia hii ina megapikseli ishirini, hii ina nane, chukua ya ishirini. Kwa picha ya kuweka ukutani, nane inakutosha na chenji inabaki. Tazama lenzi. Hii hapa inavuta mpaka ng'ambo, lakini ukivuta sana mkono ukitikisika kidogo tu, picha imetoka na ukungu. Hii nyeusi ndiyo nzuri kuliko zote, inaona hata kwenye giza kidogo, betri yake ya kuchaji. Hii nyekundu," akaisukuma kwa kidole, "hii inatumia betri za saa ya ukutani. Iko polepole, imekwaruzika, kioo chake kidogo. Hiyo nakuonyesha tu kwa uaminifu."

Alipokuwa anaongea mikono yangu ilikuwa imeshaanza. Nilichukua ile nyeusi, nikafungua mlango wa betri nikatazama kama kuna kutu. Nikaelekeza lenzi kwenye mwanga wa mlangoni nikachungulia fangasi. Nikaitikisa sikioni nisikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Nikabonyeza kitufe nusu, nikasubiri ikae sawa. Sikumbuki Masele akinifundisha. Nilimwona tu akifanya, sokoni, kwa watu, miaka yote, huku mimi namwambia twende bwana, nyanya zinaharibika.

Abubakary akaacha somo lake. "Mama, kumbe wewe ni fundi wa kamera?"

"Mimi ni mjane."

Akainamisha macho. "Pole sana, mama. Mungu amrehemu."

"Ahsante." Nikageuka nikaitoa kadi kwenye kikopo, nikaiweka juu ya kitambaa chake. "Kamera nzuri kwangu ni ile itakayokubali hii. Hayo mengine sina haja nayo."

Aliitazama bila kuigusa kwanza, na hapo nikamheshimu. Akajaribu ile nyeusi, mdomo wake wa kadi mpana mno. Ile ya kuvuta mpaka ng'ambo, haikuingia. Ya tatu haikuingia, ya nne haikuingia. Nilikuwa nasimama pale sina wasiwasi wala matumaini, nikahesabu pasi zake, zilikuwa kumi na moja. Akachukua ile nyekundu. Kadi ikaingia, ikalia tik.

"Hii ni ya kampuni ileile," akasema. "Lakini mama, nakwambia ukweli, hii siyo kamera nzuri."

"Weka betri."

Akachomoa mbili kutoka kwenye saa yake ya ukutani, akaweka. Kile kioo kidogo kikawaka. Akabonyeza cha kutazama picha, akakodoa macho, akanigeuzia. "Imesoma. Ila ndani kuna kitu kimoja tu."

Kimoja. Nilisimama na hilo neno. Baada ya Igombe kulikuwa na msiba wa Kirumba, wa Nyakato, misiba miwili ya Misungwi. Mamia ya picha yaliingia kwenye kadi ile na kutoka. Nikamwona Masele amekaa kitandani, chai imepoa, anafuta moja moja. Loo, mimi na mdomo wangu.

"Na siyo picha, mama," Abubakary akasema. "Ni video. Aliyepiga alikuwa amezungusha hiki kigurudumu bila kujua."

Aliyepiga ni mimi.

Akanipa kamera nishike mwenyewe, akanionyesha pa kubonyeza, akaenda kuizima redio yake. Nikabonyeza.

Kwanza mchanga. Halafu maji, halafu shati la bluu. Shati, vifungo, tumbo lake, mikono miwili inaning'inia haijui iende wapi. Shingo kidogo. Juu ya shingo, hakuna. Fremu imeishia hapo. Nikasubiri kamera ipande, haikupanda. Nimemkata kichwa mume wangu, mimi na mikono yangu, picha pekee aliyowahi kuniomba. Upepo unavuma kwenye kile kispika kidogo, kisha sauti yangu, ya ukali kama kawaida: "Tulia basi!"

Na sauti yake. Jamani. Sikuwa nimejiandaa kwa sauti. Nilikuja kutafuta uso, sauti nilikuwa nimeisahau kabisa kwamba nayo ilikuwepo. "Shika kwa mikono miwili, mama Rose."

"Nimeshika."

"Kaza viwiko kwenye mbavu."

"Nimekaza! Umekaa vizuri wewe?"

Kimya. Amesimama wima, tumbo amelivuta ndani, anasubiri. Mtu mzima amebana pumzi anasubiri picha ambayo haipigwi. Mikono ameikutanisha mbele kama anavyowaweka wafiwa.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza zamani!"

Akaelewa. Nililiona tumbo likianza kutikisika chini ya lile shati, na kicheko kikatoka, kile cha kuanzia puani. Akasema, taratibu, sauti ile aliyokuwa anawanong'onezea wenye misiba yao, "Nyanyua kidogo, mama Rose. Unanikata kichwa."

Nikanyanyua.

Pale pale dukani, Mkuyuni, saa tano asubuhi, nilikaza viwiko kwenye mbavu nikainyanyua ile kamera nyekundu mpaka juu ya macho yangu, kwa mikono yote miwili, nimtafute uso. Kwenye kioo shati likabaki shati. Sauti yangu ikasema, "Sikukati, wewe tulia!" na video ikaisha. Mikono yangu ikabaki juu.

Ndipo nilipolia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, mpaka watu wa duka la jirani wakaja mlangoni na Abubakary akawarudisha kwa mkono. Akaniletea kigoda, akasimama pembeni. Nililia ya wodini, nikalia ya Misungwi, nikalia ya chai iliyopoa. Na katikati ya kulia nikaona amenijia, Masele, anacheka ameshika magoti kwenye mchanga, jino lake la pembeni lililovunjika, kola wazi.

Simu ikaita. Luhende.

"Shemeji, umepata picha?"

"Nimepata."

"Uso unaonekana vizuri?"

"Hauonekani. Nilimkata kichwa."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia kilio kwenye sauti yangu. "Sasa fundi nimwambie nini, Teodora?"

"Mwambie aandike jina. Ile ya kitambulisho mnirudishie."

Nilipokata simu Abubakary alikuwa ameishika ile nyeusi. Aliniambia kwa upole kwamba kama nataka kamera ya kutumia, hii ndiyo nzuri, na ile nyekundu anaweza kunipa tu niende nayo, haina thamani. Nikamwambia nyeusi airudishe kabatini, na nyekundu ataniuzia kama anavyouza kila kitu, na aniongezee betri mbili, hizi arudishe kwenye saa yake.

"Lakini mama, hii ina kasoro nyingi."

"Nipe," nikasema, nikajifuta pua kwa kanga. Nikaishika kwa mikono miwili, nikabonyeza tena tangu mwanzo, na aliposema ninyanyue, nikanyanyua.